Raba Nilizosema ni Mpya

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianzia kwingine nitajipamba, na kujipamba ndiko kulikonifikisha hapa. Miaka kumi na mitano iliyopita nilimnunulia binti yangu raba za mtumba za kukimbilia, nikasema ni mpya. Baba yake alikuwa amenipa hela ya raba za dukani. Njiani nikaona pazia, nikazipenda. Raba za mtumba zilikuwa kando ya pazia hizo hizo, nene, nzuri, za aina ambayo dukani kwetu hata haijulikani. Nilizifua, nikazisugua pembeni kwa dawa ya meno mpaka zikawa nyeupe pe, nikazitia kwenye boksi. Binti akaruka kwa furaha. Mimi nikatundika pazia.

Mume wangu ni fundi viatu. Kila mtu anamwita Fundi, na mimi pia namwita Fundi, hata tukiwa wawili chumbani. Kibanda chake kiko kando ya geti la soko, na ana tabia moja iliyompa jina kuliko sindano yake: kabla hajagusa kiatu chako anakigeuza juu chini na kukisoma. "Wewe mfuko unaubebea bega la kulia." "Wewe mgongo unakusumbua, usinifiche." Mara nyingi anapatia. Kuna watu wanakuja na kiatu kizima kabisa ili wasomewe tu. Si tapeli, nataka ieleweke. Kisigino kinasema kweli, mradi mwenye kisigino awe ni yule aliyesimama mbele yako.

Binti yetu alikuwa na miaka kumi na sita, mkimbiaji wa shule. Akaanza kuumwa magoti, pale mbele chini ya pia ya goti, akishuka ngazi anashika ukuta. Jumamosi moja alipita kibandani wakati mimi nimepeleka chakula cha mchana. Baba yake akamwambia, "Hebu vua hizo raba." Akazigeuza. Soli zote mbili zilikuwa zimeliwa upande wa ndani, karibu kufika kwenye sponji.

"Hizi zina muda gani?" akaniuliza mimi.

Hapo ndipo palipokuwa pahali pa kusema. Kinyozi wa kibanda cha pili alikuwa ameegemea mlango, wateja wawili wamekaa kwenye benchi, na mimi nimeshika vyombo. Nikajibu, "Miezi mitatu." Na ilikuwa kweli, miezi mitatu tangu azipate. Nimewahi kusema uongo mwingi wa kawaida maishani mwangu, lakini ule wa kusema kweli kwa makusudi ya kudanganya ni huo mmoja tu.

"Miezi mitatu!" Fundi akamaka. "Mtu wa kawaida anakula soli hivi kwa miaka miwili. Mwanangu, miguu yako imelalia ndani. Si kosa lako, ni maumbile. Lakini ukiendelea na hizi mbio, ukifika miaka thelathini utatembelea fimbo."

Binti akaniangalia. Nikapanga vyombo. Nilivipanga vizuri sana, kikombe ndani ya kikombe.

Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari, maana kinyozi naye ana mdomo. Shuleni wakamwita Matege. Hakuwa na matege hata kidogo, lakini watoto wanahitaji jina tu, ushahidi hawauhitaji. Akaacha mbio. Raba akazisukuma chini ya kitanda, na siku ya usafi nilizitupa mimi mwenyewe, nikijua kabisa ninachokitupa.

Laiti ingeishia hapo. Alianza kutembea kwa kujihesabia hatua, kama mtu anayevuka sakafu iliyopigwa deki. Harusini kwake hakucheza. Watu walimvuta mikono, mumewe akambembeleza, yeye akakaa kitini anatabasamu, na shangazi zake wakasema bibi harusi ana haya. Kazi akatafuta ya kukaa, yuko mapokezi kwenye ofisi ya maji. Akapata mtoto wa kike, mdomo haupumziki, tukamwita Chiriku. Na Chiriku alipoanza shule, kila mwanzo wa mwaka mama yake alikuwa anaandika barua: mwanangu asishirikishwe kwenye michezo ya kukimbia, kwa sababu ya miguu ya ukoo. Nimeiona barua hiyo kwa macho yangu. "Miguu ya ukoo," kwa mwandiko mzuri, na sahihi. Wenzake wakitoka kwenda kucheza, Chiriku alikuwa anaachwa alinde mabegi.

Mtu atauliza nilikuwa nalalaje. Nilikuwa nalala vizuri tu. Nilijiambia kwamba huenda Fundi alipatia bila kujua, kwamba labda miguu ya yule mtoto ni mibovu kweli na raba zile zilisema kweli kwa bahati. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kamba ya kushika.

Mimi nafanya kazi hospitali, chumba cha kufulia. Nasimama kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka tangu nikiwa kijana, wenzangu wananiita Mama Pasi. Mwaka juzi nikapimwa nikaambiwa nina presha, nitembee, na nikiweza nikimbie polepole. Tukaanza wanawake watatu, jioni baada ya kazi, kwenye uwanja wa shule ulio nyuma ya hospitali. Tulikuwa tunakimbia kwa nguo za kazini tukicheka wenyewe. Wiki ya pili magoti yakanishika. Mbele, chini ya pia. Kushuka ngazi ikawa balaa.

Sasa nitasema jambo la aibu kuliko pazia. Nilifurahi. Nilikaa kitandani nimeshika goti langu lililovimba nikafurahi, kwa sababu kumbe ni kweli, ni ya ukoo, mtoto alirithi kwangu. Kumbe sikumharibia kitu. Nilipiga hatua za kuchechemea wiki nzima na moyo mweupe.

Wenzangu ndio walionisukuma niende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Chumba chake hakiko mbali na chetu, na taulo zake nazifua mimi. Ni msichana mfupi, mkali, haoni haya kumwambia mtu mzima avue soksi.

"Mama, unaumwa wapi hasa?"

"Hapa mbele. Lakini daktari usijisumbue sana, mwanangu, hii ni ya ukoo. Hata binti yangu anayo."

"Binti yako alipimwa na nani?"

"Na baba yake."

"Baba yake ni daktari?"

"Fundi viatu."

Akaweka kalamu chini. Hakucheka, na afadhali angecheka. Akanisimamisha mbele ya kioo kwa mguu mmoja, nikayumba, nyonga ikashuka upande. Akaniambia nichuchumae taratibu, mapaja yakatetemeka kabla sijafika hata nusu. Akanilaza, akainua mguu wangu ulionyooka, nikapiga kelele ukiwa haujafika popote.

"Mifupa yako ni mizuri," akasema. "Miguu imenyooka. Shida yako ni paja lililolala, nyonga legevu na vigimbi vilivyokaza. Unasimama pahali pamoja kutwa nzima, halafu jioni unaushtua mwili, kimbia! Goti ndilo linalolipia uzembe wa wengine."

"Kwa hiyo si ya ukoo?"

"Uvivu wa paja haurithiwi, mama."

Nikamuuliza, nikijifanya nauliza tu, je, kama ni mtoto wa miaka kumi na sita anayekimbia sana, akaumwa hapo hapo?

"Hao nawaona kila wiki. Wanakua haraka, wanakimbia sana, hakuna aliyewafundisha kunyoosha. Unampunguzia mbio kidogo, unamnyoosha, unamjengea paja. Wengi wanarudi uwanjani kabla muhula haujaisha."

Muhula. Nilitoka pale nikaenda kujificha nyuma ya makapu ya mashuka machafu, nikalia, nikajifuta kwa shuka la mtu nisiyemjua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mazoezi nikayafanya, tena nikayafanya kwa hasira, kama adhabu. Siku tatu kwa wiki: kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Kulala chali, magoti yamekunjwa, kuinua nyonga juu na kuzishikilia. Kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Kusimama kwenye kizingiti na kupanda kwa vidole, kisha kushusha visigino polepole, polepole kuliko unavyotaka. Kabla ya kukimbia, kutembea dakika tano na kuzungusha vifundo na nyonga. Baada ya kukimbia, kushika ukuta na kuvuta kisigino mpaka matakoni, kisha kusukuma ukuta mguu mmoja ukiwa nyuma, uzihesabu pumzi badala ya kuuvuta kwa pupa. Na kukimbia kwenyewe kukawa dakika moja mbio, mbili kutembea, mpaka nikachoka na upole wake.

Fundi alinikuta nimelala chini sebuleni nimeinua nyonga.

"Umeangusha nini chini ya kochi?"

"Natengeneza magoti."

"Magoti yanatengenezwa kwa soli. Lete raba zako nizisome."

"Raba zangu ziache," nikasema, kwa ukali ambao hakuuelewa. Akaguna, akaenda kutafuta redio yake.

Wiki ya kumi nilikimbia dakika ishirini mfululizo bila maumivu yoyote. Wenzangu wakanipigia makofi. Mimi nilitamani liniume, angalau kidogo, nibaki na kisingizio. Kila mzunguko nilioumaliza ukiwa salama ulikuwa unanisuta, na bado nikakaa kimya, miezi minne zaidi. Nilikuwa nasubiri wakati mzuri. Ukweli wa namna hiyo hauna wakati mzuri, na mimi nilijua, ndiyo maana nikausubiri.

Kisha mwaka wa shule ukaanza. Mwalimu mpya wa michezo akamtimua Chiriku kwenye mabegi, akamwambia kimbia na wenzako, na Chiriku akawaacha wote. Mwalimu akakataa barua. Akataka cheti cha hospitali, la sivyo mtoto anaingia kwenye timu. Chiriku akalia siku tatu akitaka timu. Mama yake akaona dawa ni moja, ampeleke kwa babu yake amweleze mwenyewe.

Ikawa Jumamosi, na mimi nikawa kibandani na vyombo vyangu. Kulikuwa na mwanamume anasubiri zipu ya begi, na mama mmoja ameshika kandambili iliyokatika, na kinyozi, mvi zimemjaa sasa, ameegemea mlango ule ule.

"Baba, msomee huyu," binti akasema. "Mimi hanisikilizi. Mwambie ulichoniambia mimi."

Chiriku akavua viatu vya shule, macho mekundu. "Babu, na mimi nimepinda?"

"Ngoja kwanza tuone," Fundi akasema, akavaa miwani.

Akageuza kiatu cha kwanza. Niliona kidole gumba chake kinatembea juu ya kisigino, upande wa ndani, kinatafuta. Kilikuwa kimeliwa kidogo, kama kiatu cha mtoto yeyote. Lakini anayetafuta haambulii patupu, na uso wake ulishaanza kukunjika ule mkunjo wa daktari. Nikajikaza kisabuni.

"Fundi, usiseme kitu."

Wote wakanigeukia.

"Zile raba za mama yake zilikuwa mtumba," nikasema. "Hazikuwa mpya. Nilizinunua zimeshaanza kuliwa upande huo huo. Hela nikanunua pazia. Ulisoma miguu ya mtu mwingine kabisa, sijui hata ni nani, na mimi nilikuwa nimesimama hapa nikakuacha useme."

Mwenye begi akaanza kuangalia angani. Kinyozi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akarudi ndani kwake bila kuambiwa.

Fundi akavua miwani. "Mtumba?"

"Mtumba."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Nilitegemea anipigie kelele, na nilitaka anipigie. Yeye akabaki ameshika kile kiatu kidogo. "Wewe umenidanganya viatu," akasema taratibu. "Lakini miguu ya mwanangu nilikuwa naiona kila siku. Alikuwa anapita mbele yangu asubuhi na jioni, imenyooka. Sikuiangalia, niliangalia soli." Na mbele ya wateja wake, yeye ambaye hajawahi kumwomba radhi hata aliyemshonea kiatu kombo, akamwambia binti yake, "Mwanangu, nimekukosea."

Binti alikuwa anaangalia miguu yake ndani ya viatu vyake vya ofisini, vile vya chini, vya uangalifu. "Kwa hiyo haina kitu," akasema, lakini hakuwa anaongea na sisi. Kisha akachukua kiatu mkononi mwa baba yake, akamvalisha mtoto, akaondoka. Alikuwa anatembea vile vile polepole, hajui namna nyingine ya kutembea.

Miezi miwili hakufika kwetu. Simu zangu alikuwa anazipokea mumewe, kwa adabu: "Hajambo mama, yuko bafuni." Mwanamke gani anaoga mara nne kwa siku? Fundi naye akaacha kusoma viatu. Mtu akigeuza soli juu anamwambia, "Niambie tu pa kushona." Tulikula tukiangaliana sahani. Mtaalamu wa viungo akaniambia siku moja nikimpelekea taulo, "Binti yako alikuja. Na mtoto." Nikangoja aongeze neno, akasema mambo ya wagonjwa hayasimuliwi, na akachukua taulo zake.

Nikaendelea na mbio, maana presha haijali aibu ya mtu. Jioni moja nikiwa nimeshika nguzo ya goli navuta kisigino, nikasikia sauti naijua.

"Bibi! Usivute kwa nguvu, unavuta mpaka uhisi, halafu unahesabu pumzi tano!"

Chiriku huyo, na raba. Nyuma yake mama yake, naye na raba, suruali ya mazoezi bado ina mikunjo ya dukani. Nikamwamkia kabla yeye hajaniamkia, mimi mama mzima, maana nilikosa la kufanya. Akaitikia kwa kichwa. Akashika nguzo ya upande wa pili, akaanza kunyoosha, kigimbi, kisha paja, kisha nyonga, kwa mpangilio ule ule wa yule msichana mkali. Chiriku akatusimamia sote wawili, anakosoa. Niliona paja la binti yangu halitetemeki. Kumbe alikuwa na wiki kadhaa tayari, amejifungia kwake, anakaa na kuinuka kwenye kiti bila sisi kujua.

Akamaliza, akatembea mzunguko mzima. Kisha akakimbia. Kwanza alikimbia kwa woga, mabega yamepanda, anasikilizia magoti. Katikati ya uwanja mabega yakashuka. Nilimfuata kwa nyuma kwa mwendo wangu wa kizee, akanipita, akaniacha, akanizunguka tena. Alipopita mara ya tatu akasimama mbele yangu, anahema, jasho na machozi vimechanganyika, na kwa mara ya kwanza tangu kibandani akaniangalia usoni.

"Mama, wakati ule nilikuwa na kasi gani?"

Nikafungua mdomo. Kulikuwa na jibu tayari, tamu, la kumpa: kasi kama nini, mwanangu, hakuna aliyekushika. Watu waliwahi kutuambia hivyo, walimu, majirani. Ningeweza kulisema na angelipokea.

"Mimi najikumbuka nusu nusu tu," akasema. "Nimejaribu kukumbuka, nashindwa. Nilikuwa na kasi gani?"

"Sijui," nikamwambia. "Sikuwahi kuja kukuona. Hata siku moja."

Binti akaniangalia muda mrefu, nami sikushusha macho, ingawa yalitaka sana kushuka. Kisha akainama, akafunga kamba ya raba yake upya, akanionyesha ukingo wa saruji pembeni ya uwanja.

"Basi kaa pale," akasema, "utazame."

Nikaenda nikakaa. Yeye akarudi mpaka kwenye mstari, mtoto wake akasimama kando yake, wakainama wote wawili, na mimi nikatazama.